CT iko safi, sasa maji ya mgongo ya nini tena?

*Barua ya msomaji*

Shikamoo mama. Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimebanwa. Nina miaka 24, nipo Kigoma mjini huku Mwanga, kazi yangu kushona, nina cherehani mbili na binti mmoja ananisaidia. Nimeolewa, mtoto mmoja wa miaka miwili na nusu.

Hii kitu ilianza kama utani mwezi wa sita. Nikiinama kukata kitambaa pale chini kwenye mkeka halafu nikanyanyuka, macho yote mawili yanaingia giza, sekunde tano sita hivi, kama umeme umekata ukarudi, halafu naona vizuri tu kama hakuna kilichotokea. Nikasema labda damu imepungua, nikanywa rozela wiki mbili, wapi. Kichwa nacho kinauma, asubuhi ndo zaidi, nimemeza panadoli mpaka mwenye duka la dawa ananitania eti anifungulie akaunti. Na usiku nikilala nasikia sikioni shuu, shuu, shuu, nilidhani jenereta la jirani, nikamuuliza mume wangu akanishangaa, akasema jenereta gani mbona umeme upo.

Mwezi wa saba nikaenda duka la miwani. Nikasoma zile herufi mpaka mstari wa mwisho, yule kaka akasema miwani huhitaji. Halafu akanimulika ndani ya macho na kitochi chake, akakaa kimya, akarudia tena, akamwita mwenzake naye akaangalia. Ndo wakaniambia kichwa cha mshipa wa jicho kimevimba, kulia na kushoto, wakaniandikia karatasi niende hospitali. Kule hospitali (sitaitaja) kuna mtu aliisoma ile karatasi tumesimama koridoni akasema hiyo inaweza ikawa uvimbe kwenye ubongo, akaondoka zake. Mama, nilikaa chini palepale.

Tukachangishana, nikapigwa CT skani, majibu yakaja safi, hakuna uvimbe. Daktari wa kwanza akasema basi usiwe na wasiwasi, hii huwa inatokea kwa vijana, haina madhara, itaisha yenyewe. Tukashukuru Mungu. Wiki iliyofuata daktari mwingine akaangalia karatasi zilezile akasema hapana, nikuandikie rufaa uende Bugando Mwanza, utolewe maji ya uti wa mgongo yapimwe. Hapo ndo nyumba ikagawanyika. Mama mkwe anasema anamjua mtoto alitolewa maji ya mgongo na hakurudi nyumbani. Shemeji anasema nitapooza miguu. Mume wangu anasema kuna kijana jirani yetu alivimba hivyohivyo, yeye jicho moja, akaambiwa ni ya vijana na kweli baada ya miezi nane akapona bila dawa, kwa hiyo tusubiri. Mama mkwe tena ana mtu wake Ujiji anatengeneza dawa ya majani ya kudondoshea machoni, na kaniambia niache mawese, eti mafuta mazito ndo yanapanda machoni. Shangazi yangu naye anasema nile maini kila siku na karoti na vidonge vya vitamini vya macho. Sasa nimsikilize nani.

Mengine labda niseme, uzito umeongezeka, kabla ya mtoto nilikuwa kilo 66 sasa hivi 84. Nachoma depo. Presha ya mkononi sikumbuki kupimwa safari hii. Dawa situmii yoyote, ila tu zile kapsuli za doksi za chunusi nanunua hapa dukani tangu mwezi wa nne.

Swali langu, hii ya kwangu si ndo hiyo isiyo na madhara? CT si imeshaonyesha? Na nina oda ya vitenge vya harusi, familia nzima, mwisho wa mwezi.

Fundi cherehani, Mwanga, Kigoma

*Jibu*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole zaidi kwa ile ya koridoni. Mimi nimekuwa nesi wa macho hapa Tabora miaka mingi mpaka nimestaafu, na kama kuna kitu kimeniudhi kazini ni neno zito kuambiwa mtu amesimama mlangoni na karatasi mkononi halafu anaachwa alibebe mwenyewe mpaka nyumbani.

Nikujibu kwanza ndo nieleze. Nenda Mwanza. Doksi acha leo hiihii, kabla hujamaliza kunisoma. Dawa ya Ujiji usidondoshee. Mawese kula.

Sasa tukae. Jicho moja lina nyuzi za fahamu zaidi ya milioni moja, na zote zinakusanyika nyuma ya jicho kutokea kwenye kitundu cha kama milimita moja na nusu tu. We fundi utanielewa, ni kama nyuzi za duka zima zipite tundu la sindano moja. Pale zinapotokea ndo panaitwa diski, na ndo yule kaka wa miwani alipamulika (mwombee dua huyo kijana, wengi wangekuuzia miwani ya kusomea ukaondoka nayo unajisikia umetibiwa). Kutokea hapo nyuzi zinakuwa mshipa mmoja unaoenda kwenye ubongo, na huo mshipa umevikwa ngozi zilezile zinazofunika ubongo, na yale maji yanayouzunguka ubongo yanatembea ndani ya hilo vazi mpaka nyuma ya jicho. Kwa hiyo presha ya maji ikipanda kichwani, jicho linaipata, kama simtanki ukilipandisha juu halafu bomba la chini linaanza kutoa kwa nguvu. Ndo maana tunaangalia jicho kujua habari za kichwa.

Lakini sio kila diski iliyovimba ni presha ya kichwa, na hapa ndo hilo neno "haina madhara" linapowachanganya watu, kwa sababu linatumika kwa vitu vitatu tofauti kabisa.

Kuna diski inayoonekana imevimba na wala haijavimba. Mtu kazaliwa na diski ndogo nyuzi zimebanana, hasa wale wanaovaa miwani ya kujumlisha (ya wasioona vizuri karibu), ukimulika unaona kingo hazieleweki. Wengine wana vijiwe vidogo vya chokaa ndani ya diski, vinaitwa druseni, vinainua diski kutoka ndani. Hivyo vinaonekana kwa ultrasaundi ya jicho, chokaa inang'aa kwenye kioo, hakuna sindano hakuna nini. Ila kwa sisi watu weusi druseni ni chache kuliko kwa wazungu, kwa hiyo mtu akikuambia "hizo ni druseni tu" bila kukuonyesha kwenye ultrasaundi, muulize kajuaje. Na diski ya hivyo haibadiliki, ukipiga picha leo na baada ya miezi mitatu ni ileile.

Kuna ya pili, na nadhani ndo ya huyo kijana jirani yenu. Kijana mzima wa afya, jicho MOJA, kichwa hakiumi, anakuja analalamika kama kuna ukungu kidogo au doa pembeni, ukimpima herufi anasoma karibu zote. Ukimulika unakuta diski imevimba na mishipa ya vena imejaa imejikunja kama minyoo, na matone ya damu. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Marekani, Lonn na Hoyt, waliiandika kwa jina la papiloflebitisi, wakasema uvimbe wake unachukua muda mrefu lakini kwa kawaida mwisho wake ni mwema. Mimi mwenyewe nilimwona mmoja hapa Tabora, mwanachuo, alikuja kila mwezi, tunamulika, tunaandika, ilichukua karibu mwaka ikashuka na jicho likabaki zuri. Lakini sikiliza, mume wako asije akachukua kipande cha sentensi: hata yule tulimpima kwanza presha, sukari, HIV, kaswende, na damu yake kama inaganda vibaya, na tuliendelea kumwita mwaka mzima. Hakuambiwa nenda nyumbani itaisha. Lile neno zuri alilipata baada ya vipimo, halikutangulia.

(Kuna na jicho moja la aina nyingine, linalouma ukilizungusha na rangi nyekundu inapauka kama kanga iliyofuliwa sana. Hiyo ni mshipa wenyewe kuwaka, ni habari nyingine na sio yako, naitaja tu kwa ajili ya wengine wanaosoma.)

Ya tatu ndo inafanana na barua yako. Macho mawili. Kichwa asubuhi. Giza la sekunde chache ukinyanyuka. Shuu shuu ya sikioni inayofuata mapigo ya moyo, hebu usiku wa leo shika mkono wako hapa kwenye mshipa usikilize, ukikuta vinakwenda pamoja basi hilo sio jenereta, ni damu yako mwenyewe. Mwanamke kijana, uzito umepanda kilo 18. Hayo yote yakikaa kwenye barua moja, mimi siwezi kusema ni presha ya maji ya kichwani mpaka ipimwe, lakini kama ungekuja kwenye meza yangu ile ya zamani nisingekuacha urudi nyumbani kusubiri miezi nane.

Na hiyo presha nayo, sikia vizuri, ilishawahi kuitwa "isiyo na madhara" na madaktari wenyewe. Mwaka 1937 daktari wa upasuaji wa Marekani, Walter Dandy, aliandika habari za wagonjwa 22 wenye presha kubwa kichwani na uvimbe wa ubongo hakuna. Mwaka 1955 likaingia jina la presha ya kichwa isiyo na madhara, maana yake kwamba sio kansa, haiui. Miaka ikaenda wakaona baadhi ya hao wasio na madhara wanapofuka, hilo neno wakaliondoa. Kwa hiyo yule daktari wako wa kwanza hakukudanganya, kichwani hakuna uvimbe na hilo ni jambo la kushukuru kweli, ila "sio kansa" na "haidhuru macho" ni mambo mawili.

Utaniambia mbona nimesoma herufi mpaka chini. Ndo ujanja wake huo. Huu ugonjwa unaanza kula pembeni, katikati unakuachia mpaka mwishoni, mtu anasoma mstari wa mwisho huku pembeni kumeshaanza kuwa na vumbi. Herufi hazitoshi, unahitaji kipimo cha upana wa kuona, unakaa mbele ya mashine unabonyeza kila ukiona nukta ya taa. Waambie Mwanza wakufanyie hicho, na wapige picha ya diski, na uombe hiyo picha kwenye simu yako uwe nayo. Kuvimba kunapimwa kwa kulinganisha, leo na mwezi ujao, bila picha kila daktari mpya anaanza upya na macho yake mwenyewe.

Kuhusu CT. Haikuwa hela ya kupotea, na wala hao madaktari wawili hawapingani kama mnavyodhani hapo nyumbani. CT lazima itangulie, kwa sababu kama kuna uvimbe mkubwa au maji yameziba ndani ya ubongo, kutoa maji ya mgongo kunaweza kuwa hatari kweli. Sasa imeonekana njia iko salama, ndo mlango wa kipimo kinachofuata umefunguka. Ila CT ya kawaida ina kitu inaweza kukipita, nacho ni damu iliyoganda kwenye vena za kichwani. Hiyo nayo inavimbisha diski zote mbili na inawapata wanawake vijana, hasa waliotoka kujifungua au wanaomeza vidonge vya uzazi vyenye estrojeni. We unachoma depo ambayo ni aina nyingine, usiiache kwa kichwa chako mwenyewe ukaja kupata mimba katikati ya matibabu, waambie tu. Lakini uliza hivi: "vena za kichwani zimeangaliwa?" Kuna CT ya kuchoma dawa na kuna MRI ya vena, watachagua wao.

Halafu presha ya mkononi. Mwanangu, hapa nimekasirika kidogo sio kwako. Kipimo cha dakika mbili. Miaka ya nyuma aliletwa kijana diski zote zimevimba, kila mtu anasema ubongo ubongo, ndugu wameshaanza kuuza mbuzi, nikamfunga ule mpira mkononi nikakuta 220 kwa 140. Ilikuwa presha ya damu, na figo zake zilikuwa zimechoka hakuna aliyejua. Kabla ya kukata tiketi pita kituo chochote hapo Mwanga upimwe, uandikiwe. Na kipimo cha HIV na kaswende ukubali, sio kwamba nakushuku, kuna fangasi ya kwenye ubongo inayowapata wenye kinga ndogo na kaswende nayo ina mkono mrefu, vyote hivyo vinavimbisha diski.

Haya, sindano. Naijua hofu yenu, hata mimi kabla sijasoma niliamini hivyohivyo. Huyo mtoto anayemjua mama mkwe simjui, pengine hakufa kwa sababu ya sindano, maana watoto wengi wanaotolewa maji ya mgongo wanakuwa wameshafika wakiwa na homa ya uti wa mgongo, wako hoi, wanatolewa maji ili ijulikane dawa gani wapewe, wengine wanachelewa, wanafariki, na kinachokumbukwa nyumbani ni ile sindano. Kuhusu kupooza, uti wenyewe wa fahamu kwa mtu mzima unaishia juu, usawa wa juu kidogo ya kiuno, na sindano inachomwa chini ya hapo ambapo kuna maji na nyuzi zinazoelea tu, kama tambi kwenye mchuzi, sindano ikija zinasogea. Utalala ubavu, magoti yakunjwe, watakuchoma ganzi. Kinachosumbua wengi ni kichwa kuuma siku mbili tatu baadaye, kinazidi ukikaa kinapoa ukilala. Kunywa maji, pumzika, kikizidi wiki rudi uwaambie.

Ila kuna kitu nataka ukishike kuliko vyote kwenye hiyo safari. Wakishaingiza sindano, kabla ya kutoa maji, wapime PRESHA ya maji. Kuna sehemu wanatoa maji wanapeleka maabara wanasahau kupima, au kile kijiti cha kupimia hakipo, halafu unarudi na karatasi inasema maji safi, hakuna wadudu, na swali lako la msingi halijajibiwa. Waulize kabla, kwa adabu, "daktari, presha mtaipima?" Kama kijiti hakipo kuna mbinu, mpira wa dripu ulio safi unaunganishwa unasimamishwa wima, maji yanapanda, wanapima urefu kwa rula. Kwa mtu mzima ikifika sentimita 25 na kuendelea hiyo ni kubwa. Wakati wa kupima usijikaze wala usilie, wakishaingiza sindano nyoosha miguu taratibu ukiambiwa, maana ukijikunja na kujikaza namba inapanda ya uongo. Na maji yenyewe yaende maabara pia, yakiwa safi na presha juu na vena ziko wazi, hapo ndo jina la ugonjwa linapatikana.

Sasa doksi. Umeandika "dawa situmii yoyote, ila tu", mwanangu hiyo "ila tu" yako ndo iliyonifanya nivue miwani nikaifuta nikasoma tena. Doksi na ndugu zake wa familia ya tetrasaiklini wanajulikana miaka mingi kupandisha presha ya maji ya kichwani kwa watu wengine. Umeanza mwezi wa nne, giza limeanza mwezi wa sita. Siwezi kuapa kwamba ndo yenyewe, uzito nao upo, lakini chunusi haijawahi kumpofusha mtu, acha. Na usije ukasema basi nimeshaacha doksi safari imekufa, hapana, unaacha NA unaenda. Dawa nyingine za kuwaambia kama umewahi kuzigusa: vidonge vya chunusi vya isotretinoini, na vile vidonge vya kunenepa wanavyouziana wadada kwenye vijifuko, vingi ni steroidi, ukizitumia muda mrefu halafu ukazikata ghafla nazo zinaweza kupandisha hiyo presha. Kama umekula sema, daktari sio mama mkwe.

Shangazi yako sasa. Vitamini A ikizidi mwilini nayo inafanya hivyohivyo, inapandisha presha ya kichwa. Kwa hiyo vidonge vya vitamini vya macho HAPANA, na maini kila siku hapana, mara mojamoja kwenye sahani sio kesi. Ila mawese ni kitu kingine, ule wekundu wake ni karotini, na mwili unageuza karotini kuwa vitamini A kwa kadiri inavyohitaji tu, inayobaki haikupi hiyo sumu. Mama mkwe kawasingizia mawese, mtu wa Kigoma aache mawese ale nini. Karoti nayo ni hivyohivyo, haidhuru, ila na wala haitashusha diski. Punguza tu kijiko cha mawese kwa sababu ya uzito, sio kwa sababu ya macho.

Na dawa ya majani. Mwambie mama kwa heshima, pengine mume wako ndo aseme, kwamba kilichovimba kiko nyuma kabisa ya jicho, tone la majani haliwezi kufika huko, litaishia mbele kwenye kioo cha jicho na kukichubua. Nimeuguza vioo vya macho vilivyoungua kwa majani, vingine vimebaki na kovu jeupe mpaka leo. Akitaka kukuombea, akuombee, hata mimi ntakuombea.

Ikithibitika ni presha, matibabu yapo. Kuna vidonge vinaitwa asetazolamaidi, vinapunguza utengenezaji wa yale maji. Marekani walifanya utafiti, majibu yakatoka 2014, watu 165, wote wakipunguza uzito, nusu wakapewa na hicho kidonge, baada ya miezi sita waliopewa kidonge upana wao wa kuona ulikuwa umepona zaidi. Vidole vitakufa ganzi kama mchwa wanatembea, soda utaona haina ladha, na kukojoa kwingi, hayo ni ya kawaida. Usikinunue mwenyewe dukani, kina mambo ya figo na aleji ya dawa za salfa, na mimba pia lazima waulize kwanza. Na uzito ni dawa kamili hapa, sisemi kukusimanga, mimi mwenyewe mizani tumegombana. Kwa kilo zako 84, ukishusha kati ya 4 na 8 mara nyingi hali inaanza kubadilika, wengine wanahitaji zaidi ya hapo. Usijinyime ukaanguka kwenye cherehani. Toa soda, toa chapati za asubuhi na chai ya sukari vijiko vitatu, ugali upungue nusu, mgebuka na mboga zibaki. Wachache sana macho yanaposhuka haraka wanahitaji upasuaji, ndo maana hatutaki uchelewe.

Ukiona kitu kimoja kinakuwa viwili, au giza linakaa dakika nyingi badala ya sekunde, au kutapika hakukati, homa na shingo kukakamaa, degedege, mkono au mguu kulegea, usisubiri rufaa wala basi la kesho, nenda hospitali ya mkoa siku hiyohiyo hata kama ni usiku.

Njiani beba CD ya CT yenyewe sio karatasi ya majibu tu, watataka kuiangalia. Kwenye basi la kupitia Kasulu na Kibondo kaa na mume wako, mtoto abaki na bibi yake, itampa mama mkwe kazi. Mkiamua treni mtabadilishia hapa Tabora, ni ndefu ila unanyoosha miguu. Kama una bima ulizia kabla MRI inaingia au la, msije mkagundua mkiwa dirishani.

Oda ya harusi mgawie fundi mwenzio nusu, na nyingine binti akate, wewe shona umekaa, usiiname kwenye mkeka tena mpaka upimwe. Ukirudi niandikie ile namba ya presha ya maji, nataka kuijua. Na hizo doksi zilizobaki usimpe huyo binti eti naye ana chunusi, nawajua nyie.